Sabuni Ndani ya Kibuyu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Naipanoi alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akaenda kuinamisha kichwa mbele ya bibi yake. Bibi Nalangu alimwekea kiganja utosini na kumtamkia baraka. Hivyo ndivyo watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wazee wao, na Naipanoi, ingawa aliishi mjini Karatu kwa shangazi yake Sinyati, hakuiacha desturi hiyo.

Bibi alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwake Nainokanoka kuja kutibiwa macho. Mzigo wake ulikuwa mdogo: shuka mbili, na kibuyu chake cha maziwa chenye shanga shingoni.

Wiki hiyo Mwalimu Hyasinta aliwapa Naipanoi na wenzake wa darasa la sita kazi. "Kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani kwake juu ya kazi moja anayoijua vyema, aiandike kama alivyoelezwa," alisema. "Insha zitasomwa siku ya wazazi, kisha tutazishona ziwe kitabu cha maktaba yetu."

Bibi aliposikia habari hiyo alifurahi mno. "Leo jioni nitakitengeneza kibuyu," alisema. "Keti nami, mjukuu wangu, uone kwa macho yako."

Lakini kibuyu husafishwa kwa moshi wa kijiti cha moto, na moshi huo ulikuwa ukimwasha Naipanoi macho tangu utotoni, na sikuzote aliukimbia. Tena jioni hiyo wenzake walikuwa wakiruka kamba kwa jirani.

"Najua tayari, Koko," alimdanganya bibi yake.

Akaazima simu ya shangazi, akafungua programu ya akili mnemba, akaitaka imwandikie jinsi bibi wa Kimaasai anavyokitunza kibuyu cha maziwa. Kufumba na kufumbua, insha ikatokea, imenyooka kama iliyoandikwa na mwalimu. Naipanoi akainakili kwa mwandiko wake mzuri. Juu yake akaandika: "Kama nilivyoelezwa na bibi yangu, Nalangu." Hakumsomea bibi hata mstari mmoja.

Siku mbili baadaye rafiki yake Brigita alilalamika njiani. "Babu amenichosha! Jioni tatu nzima ananieleza habari za mizinga ya nyuki."

"Jioni tatu? Mimi nilimaliza chai yangu haijapoa."

"Makubwa! Bibi yako anaongea haraka hivyo?"

Naipanoi alicheka, akaongeza mwendo.

Siku ya wazazi ilipofika, Bibi Nalangu alijifunga shuka yake mpya, akaketi mstari wa mbele na kibuyu mapajani. Alikuwa amekijaza maziwa ili wageni waonje, mjukuu wake akisha kusoma. Shangazi Sinyati aliketi ubavuni mwake amtafsirie.

Naipanoi alisimama, akasoma kwa sauti ya kujiamini: "Bibi yangu hukiosha kibuyu chake kwa maji ya moto na sabuni, kisha hukianika juani..."

Shangazi alisita kutafsiri. Nyuma yao akina mama wa Kimaasai waliomjua bibi tangu Nainokanoka waliangua kicheko.

"Sabuni! Nalangu, kumbe miaka yote hii unatunywesha povu?" mmoja alitania.

Kibuyu hunyonya harufu ya sabuni na kuitia katika maziwa. Kwa Wamaasai, kusema hivyo juu ya mwanamke ni kusema hakufunzwa kwao.

"Bibi, ndivyo ulivyomweleza?" Mwalimu Hyasinta aliuliza kwa upole.

Bibi Nalangu alimkazia Naipanoi yale macho yake mabovu. Kisha akajibu polepole, "Kosa ni langu, Mwalimu. Kiswahili changu ni kidogo. Mtoto ameandika nilivyosema vibaya."

Masikio ya Naipanoi yaliwaka moto. Alimalizia kusoma haraka, wageni wakampigia makofi, naye akarudi kuketi bila kumtazama mtu.

Maziwa yakamiminwa vikombeni. Mzee Martini, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikinusa kikombe chake, akakirudisha mezani. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Hapo bibi akaivuta ncha ya shuka yake, akakifunika kibuyu kama mtu anayeficha kidonda.

Naipanoi hakuweza kuvumilia. Alisimama tena.

"Bibi hakusema hayo! Hajawahi kutia sabuni. Sikumwuliza kitu. Niliiuliza simu, nikaandika jina lake juu ya maneno yasiyo yake."

Mzee Martini alikichukua tena kikombe chake, akanywa mpaka tone la mwisho. "Mama," alimwambia Bibi Nalangu, "naomba uniongeze."

Vikombe vyote vilibaki vitupu, lakini aibu ya Naipanoi haikuisha pamoja navyo. Kesho yake asubuhi alipita nyuma ya nyumba, asithubutu kupeleka kichwa chake kwa bibi.

Jumamosi alijikaza, akaketi jikoni kando yake. Bibi hakumkemea. Alitia motoni kijiti cha oloirieni, ule mzeituni wa porini. Ncha ilipokuwa kaa jekundu, akakiingiza kibuyuni na kukizungusha polepole, kisha akapangusa masizi kwa brashi ya mkia wa ng'ombe. Machozi yalimtiririka Naipanoi, wala si kwa sababu ya moshi peke yake.

Jumatatu alimpelekea mwalimu insha mpya.

"Umemsomea bibi kwanza?" Mwalimu Hyasinta aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Amenisahihisha mara mbili."

Mwalimu aliikunja ile ya zamani. "Simu ina manufaa, na nitawafundisha kuitumia. Lakini haikuwahi kuketi jikoni kwa bibi yako, na wewe ulikuwa na nafasi hiyo. Ukiweka jina la mtu juu ya maneno, hakikisha ni yake. Na ukikosea, usimwache mwingine abebe kosa lako. Uliposimama siku ile ulianza kujifunza."

Asubuhi iliyofuata Naipanoi alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaenda kuinamisha kichwa. Alingoja. Kiganja cha bibi kikatua utosini, kizito, kikinukia moshi wa oloirieni.