Alama Nyekundu kwenye Gia

Kila siku tukitoka shule, mimi na Rula tulivua sare, tukala, kisha tukaingia kwenye karakana ya Mjomba bila kusemeshana. Mjomba ni fundi wa mota. Rula ni binti yake, na jina hilo alilipata kwa kuwa hupima kila kitu, hata kipande cha mkate alichomegewa. Mimi huitwa Kifuu, maana hasira zangu huwaka upesi kama kifuu cha nazi jikoni. Nilihamia kwao mwaka jana, na tangu siku ile tuliishi kama paka na panya.

Maonyesho ya sayansi yalipotangazwa, kila mmoja alitaka kupeleka kazi yake. Mjomba akakata maneno. "Meza ni moja na betri ni moja. Mtatengeneza kitu kimoja."

Kitu chenyewe kilikuwa helikopta ndogo ya betri, yenye milingoti miwili iliyoinama, mmoja kushoto na mwingine kulia. Kila mlingoti ulibeba mapanga mawili ya mbao. Mapanga hayo yalizunguka kinyume na kupishana, kama vidole vya mikono miwili vinavyoingiliana bila kugusana. Kwa kuwa yalizunguka kinyume, mwili wa helikopta haukujipinda, wala haukuhitaji panga la mkiani. Kilichoyazuia yasigongane ni gia mbili tu zilizoshikana jino kwa jino.

Rula alibuni gia. Mimi nilichonga mapanga na kuyapiga msasa wiki mbili nzima, mpaka ncha za vidole zikachubuka. Alhamisi nikakuta karatasi mezani: "Panga la tatu ni zito. Rudia." Hata jina langu hakuandika. Tena alikuwa amepaka rangi yake nyekundu ya kucha kwenye meno ya gia. Nikasema moyoni, huyu anatia sahihi yake kwenye kazi ya watu wawili. Nikachukua kitambaa chenye thina, nikaifuta rangi yote. Kisha nikazitoa gia ili nitafute kasoro zake na mimi. Sikuona hata moja, na hilo liliniuma zaidi. Nikazirudisha.

Nilipozungusha mlingoti kwa mkono, panga moja liligusa jingine: tk. Nilijua nimekosea. Nikafunga mfuniko wa gia, nikaenda kufua soksi.

Ijumaa alasiri Mjomba aliiweka helikopta sakafuni. Rula akapiga magoti, uso karibu kabisa na mapanga, ili aone kama yamekaa sawa.

"Rudi nyuma," nilisema.

"Tangu lini unanisemesha?"

"Nimesema rudi nyuma."

"Baba, mwambie aache kunipangia. Panga lake zito nimelivumilia." Akashika swichi.

Nikisema, angenicheka mpaka mwisho wa muhula. Nisiposema, kipande cha mbao kingeruka, na macho yake yalikuwa pale pale. Nilimchukia, ndiyo, lakini si kiasi hicho. Nikachomoa waya wa betri.

"Una wazimu wewe," Rula akasema, akasimama.

"Nilizitoa gia," nikasema. "Nilifuta rangi yako. Nilipozirudisha, mapanga yaligusana, nikanyamaza."

Mjomba alizungusha mlingoti kwa kidole, polepole. Tk.

"Umejua tangu jana?" Rula akauliza. "Ulitaka nipofuke?"

"Sikutaka."

"Ile rangi ilikuwa alama. Jino lenye rangi linaingia kati ya meno mawili yenye rangi. Hata mtoto mdogo angeelewa."

"Mtoto mdogo angeelezwa."

"Nyamazeni wote wawili," Mjomba alisema bila kupaza sauti. "Kifuu, shika gia. Rula, paka rangi, na useme unachofanya."

Rula alisema huku amekaza meno. "Mapanga ya kushoto yaelekee mbele. Ya kulia yakae msalaba." Nikashika, akatia nukta. Hatukuangaliana. Kisha nikalipunguza panga la tatu kwa msasa, kwa sababu lilikuwa zito kweli, na hilo pia nilikuwa nalijua.

Mjomba alizungusha mara kumi, pakawa kimya. Tukarudi nyuma hatua nne, Rula akawasha. Helikopta ilinguruma, ikayumba, ikainuka hadi usawa wa magoti yetu na kutulia hewani. Rula alicheka, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

"Siwalazimishi mpendane," Mjomba alisema. "Lakini fundi akikosea husema kabla umeme haujawashwa. Akichelewa, atakuwa anamweleza daktari. Na wewe Rula, alama usiyomweleza mwenzako, kwake ni uchafu tu. Ataifuta."

Asubuhi ya maonyesho nilikuta chupa ya rangi ya kucha upande wangu wa meza, na karatasi chini yake.

"Kifuu. Imebaki nusu. Usiimwage."