Bunduki Ambayo Agar Hakuiona

Kila asubuhi Agar alishuka na bidoni lake mpaka kwenye bomba la maji la Vulamba, mjini Butembo, na kila asubuhi alirudi na maneno mengi kuliko maji. Ulimi wake haukuwa na breki.

Asubuhi moja, wakati wa vita, alimwona jirani yao Malachie, mpasua mbao, akiharakisha na kitu kirefu kilichofungwa ndani ya gunia. Alipofika bombani, maneno yalimtoka kabla hajatua bidoni.

"Papa Malachie amepita na bunduki!"

Akina mama wa foleni walishika vifua. Habari ikapanda mlima haraka kuliko pikipiki.

Baadaye, darasani kwa Agar, Mwalimu Germaine aliandika ubaoni: *Mbuzi ni mweusi.*

"Hii ndiyo proposition, kauli, ndogo kabisa," alisema. "Jina moja, jambo moja. Hapana kuigawanya tena. Ni kweli ao ni bongo, ni uongo, basi. Zile kubwa tunazijenga na hizi ndogo. Donc, ni kusema, mukiziunganisha na neno 'na', moja ikiwa bongo, yote inaanguka."

Agar alipiga miayo. Mbuzi walimhusu nini?

Mara mayowe yakasikika barabarani. Wanafunzi walikimbilia uani, na mwalimu nyuma yao. Wanajeshi walikuwa wamemwangusha Malachie kwenye matope. Mmoja alimpiga mkono kwa kitako cha bunduki, na mfupa ukalia. Damu ilimtoka puani na mdomoni.

"Batu ba ku bomba banasema uko na bunduki!" alifoka afande. "Iko wapi?"

"Sina bunduki, afande."

"Na mu gunia mulikuwa nini?"

Malachie alikaza macho kwenye matope. Buti likamwingia mbavuni, kisha jingine. Afande akakoki bunduki yake.

Agar alikumbuka maneno yake ya asubuhi. Yote haya yalitoka kinywani mwake! Alipenya katikati ya watu.

"Afande, niliona Papa Malachie. Ni kweli. Alibeba gunia murefu. Ni kweli." Akajinyooshea kidole. "Bunduki, sikuona. Ile nilitia miye."

Kofi lilimtupa chini. Mdomo wa bunduki ukahama kutoka kwa Malachie ukamwelekea yeye.

"Nani alikutuma kudanganya?"

"Muache mutoto!" Malachie alilia. "Ni musumeno! Iko mu migomba, nyuma ya nyumba yangu."

Maskini, alikuwa ameuficha kwa sababu wanajeshi walichukua kila chuma kizuri, na msumeno ule ndio uliolisha watoto wake. Waliuleta, wakaufungua, wakacheka. Kisha wakaondoka na msumeno.

Mwalimu Germaine alimfunga Malachie mkono kwa kitenge chake na kipande cha ubao. Agar alimshikia ule ubao, akilia.

"Mwanangu," mwalimu alimwambia, "ulikuwa na vipande viwili vya kweli, ukaongeza kimoja cha bongo. Mbele ya kusema, gawanya maneno yako mpaka yasigawanyike tena. Kila kipande, uliza: hiki nilikiona? Kama hapana, ukiache. Mutu anaweza kufa na kipande kimoja."

Kesho yake akina mama wa bombani walimzunguka Agar. Walitaka habari.

"Mkono wa Papa Malachie umevunjika," alisema.

"Mais kwa nini walimupiga?"

Agar alitua bidoni kwanza.

"Nilisema bunduki. Sikuiona."

Hakuongeza neno. Alijaza bidoni, akalipeleka moja kwa moja nyumbani kwa Malachie.