Jina Lake Lilikuwa Mkumbo

Foleni ya sukari ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika, ikazunguka ghala la mahindi, ikafika karibu na stendi ya mabasi. Ilikuwa Juni 1984. Ukungu wa Karatu ulikuwa haujainuka, na watu walijikunyata ndani ya makoti na mashuka. Leonida alikuwa mkiani, amevaa gauni la kijani na sweta ya bluu ya kazini. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu kuliko wote, mikono ya koti lake ikimwishia katikati ya viganja na viwiko.

"Kaka," Leonida alimwambia, "wewe Mungu amekupa ghorofa. Hebu tutazamie huko mbele, sukari bado ipo?"

Watu walicheka. Mwanamume akainua shingo. "Magunia mawili, dada. Moja limeshafunguliwa."

"Sema tena."

"Magunia mawili, moja..."

"Ni wewe! Wa hoteli ya kule juu kwenye kreta! 'Karatu, Karatu, nipe Arusha,' kila asubuhi, kama mtu anayeita ng'ombe."

Mwanamume akageuka mzima. "Na wewe ndiye 'Subiri, laini ina watu'?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani ni mama mtu mzima, mnene, mwenye hasira."

"Hasira ninazo. Unene ndio nimekuja kuutafuta kwenye foleni hii."

Sukari iliisha kabla hawajafika mlangoni. Hawakuijutia.

Leonida aliunganisha simu katika ofisi ya posta ya Karatu. Hilari alipokea wageni katika hoteli iliyojengwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambayo ilikuwa imeanza kuajiri tena baada ya mpaka wa Kenya kufunguliwa na watalii kurudi. Tangu siku ile simu za hoteli zikawa ndefu.

"Karatu, nipe Arusha."

"Arusha ina watu. Umekula?"

"Bado. Wageni wamemaliza mayai yote."

"Pole, mpenzi wa watu."

"Watu gani hao?"

"Laini imepatikana, ongea!"

Jumapili Hilari alishuka na Land Rover ya kuchukua mboga, amefunga tai, nywele zikiwa na vumbi jekundu. Walitembea hadi mwisho wa mashamba ya kahawa na kurudi. Hakuwa msemaji sana, lakini alisikiliza kwa namna ambayo Leonida hakuwahi kusikilizwa, kichwa kimeinama, kana kwamba kila neno lake lilikuwa na uzito. Leonida alipomuuliza jina la baba yake, alisema, "Yohana." Hakudanganya. Ila hakusema lote.

"Leo nakupeleka kwa kaka yangu," Leonida alimwambia Jumapili moja ya Agosti. "Umwogope kidogo. Baba alifariki, kwa hiyo posa yangu iko mikononi mwake."

"Kaka yako ni nani?"

"Humjui Tluway? Unaishi nchi gani wewe?"

Hilari alisimama katikati ya njia.

Tluway alikuwa fahari ya Karatu. Alikulia kijiji cha Endamarariek akichunga ng'ombe, akafundishwa mpira wa kikapu na mapadre shuleni, kisha akaajiriwa na kiwanda cha magunia kule Arusha. Kazi yake, kama ilivyokuwa kwa wachezaji wengi wa viwanda na mashirika, ilikuwa mpira. Kalamu aliishika siku ya mshahara tu. Mwaka uliotangulia aliifikisha timu yake, Nyuki, fainali ya ubingwa dhidi ya Radi ya Dar es Salaam. Karatu haikuiona mechi ile. Iliisikia, watu wamejaa barazani pa baa ya Bernadina, redio juu ya kreti. Dakika za mwisho mtangazaji alipaza sauti: Tluway ameruka, Mkumbo ameruka, wameanguka wote wawili. Kisha akasema, taratibu, kwamba Tluway hainuki.

Wanaume walivua kofia. Wanawake walilia kama msibani. Goti lile halikupona. Nyuki walishindwa kwa pointi moja, na wiki hiyohiyo mbwa wa Bernadina, mwenye tabia ya kuuma watu visigino, alipewa jina jipya. "Mkumbo! Toka hapo, mshenzi we!" Hata watoto walimrushia mawe kwa jina hilo.

Na Hilari ndiye aliyekuwa Mkumbo. Hilari Yohana Mkumbo, wa Singida. Baada ya fainali alibebwa mabegani, na usiku ule hakulala. Aliacha mpira, akaomba kazi Ngorongoro akijua kwamba Karatu iko njiani, akikusudia siku moja ashuke, amtafute Tluway, amwombe radhi. Siku hiyo aliiahirisha, kisha akaiahirisha tena. Sasa alikuwa anapelekwa kwake kama mkwe.

Kibanda cha Tluway kilikuwa kando ya stendi. Alitengeneza redio, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda. Hakuwa amewahi kumwona Hilari ila kwa jasho na mbio, kichwa kimenyolewa. Huyu wa leo alikuwa na ndevu, koti na miwani.

"Urefu wote huo," Tluway alisema, "na hujawahi kucheza kikapu?"

"Kidogo. Shuleni."

Hilari alikula ugali wao. Alimshukuru Leonida. Njiani kurudi alitembea mbele kwa haraka mpaka Leonida akamuuliza kama anaumwa.

Mwezi Septemba fainali ilirudi. Barazani kwa Bernadina hapakuwa na pa kukanyaga. Leonida alivaa gauni la maua na viatu vyeupe, akakaa kati ya kaka yake na mpenzi wake. Mechi haijaanza, akaingia Thomasi, dereva wa lori kutoka Dar es Salaam, ambaye alikuwa amesimama kunywa soda. Alitazama watu, uso ukang'aa.

"Mkumbo!" aliita. "Mkumbo, wewe!"

Watu waligeuka kumtazama mbwa. Mbwa naye aliinua kichwa. Lakini Thomasi alimruka mbwa, akamkumbatia Hilari. "Bingwa wetu! Umejificha huku? Dar yote inakuulizia!"

Redio iliendelea kusema peke yake. Mtu mmoja alitema mate chini. Mwingine alishika chupa, na Bernadina akamnyang'anya. Tluway alimtazama Hilari, akachukua fimbo yake, akatoka akichechemea. Watu walimpisha kama wanaopisha jeneza.

"Leonida," Hilari alisema.

"Umekula kwetu," Leonida alimjibu. "Umemsalimia kaka yangu kwa mkono. Umemwita shemeji."

"Niliogopa."

"Goti lilivunjwa na mpira. Kunyamaza umenyamaza wewe." Akamfuata kaka yake.

Asubuhi simu ya hoteli ililia posta.

"Karatu. Leonida, tafadhali..."

"Namba?"

"Nisikilize kidogo tu."

"Namba, tafadhali."

Akampa namba. Akaunganishwa Arusha na mtu asiyekuwa na la kumwambia. Ikawa hivyo hadi mwisho wa mwezi. Leonida alijibu kwa sauti ya serikali, kisha akaenda nyuma ya ofisi kunawa uso.

Mvua za kwanza zilipoanza, Hilari aliomba ruhusa, akashuka. Hakwenda posta. Alikwenda kwenye kibanda, akasimama mlangoni bila miwani.

"Nimekuja kusema," alisema. "Kisha kama utataka nipigwe, waite."

Tluway aliweka bisibisi chini. "Sema."

"Nilitaka mpira. Sikutaka goti lako. Lakini nilikuona unakuja, nikajua tutagongana, na sikujizuia. Nilitaka kikombe."

Mvua ilipiga bati. Tluway alisugua mguu wake.

"Nimekuchukia mwaka mzima," alisema. "Bado sijamaliza. Usidhani umekuja na maneno mawili ukanipa mguu."

"Sidhani hivyo."

"Kaa."

Hilari akakaa.

"Watu wa hapa wananipenda," Tluway alisema. "Wananinunulia bia. Wanasema nilikuwa mkubwa. Hakuna hata mmoja aliyeniona nikicheza mechi ile. Walisikia redio. Wanachokijua ni kuanguka kwangu. Wewe ulikuwepo. Nilichezaje?"

"Kipindi cha kwanza tulikuwekea watu watatu," Hilari alisema. "Watatu, Tluway. Kocha wetu alivunja kiti. Ulipita kushoto, mimi nimeshaziba kushoto, na mpaka leo sijui ulipitaje."

"Nilikuonyesha bega."

"Bega lipi?"

"Lete hizo nati."

Saa ya chakula Leonida alipoleta ugali, aliwakuta wameinamia meza, nati za redio zimepangwa kama wachezaji, kaka yake akisema kwa ukali, "Hapana, hapo hukuwepo, ulikuwa umeshachelewa!" Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu siku za mpira kule Arusha. Aliweka sinia chini, akatoka nje, akasimama kwenye mvua. Hilari akamfuata.

"Yeye na wewe mmalizane wenyewe," Leonida alisema bila kugeuka. "Lakini mimi nilikupa kila kitu changu kwa jina nusu."

"Sasa nataka kukuoa kwa jina zima."

"Mji huu utakutukana."

"Na unitukane, ila ujue unayemtukana."

Leonida alifuta uso. Mvua na machozi vilikuwa kitu kimoja. "Basi jina hilo lisemwe kanisani," alisema, "mbele yao wote. Usipofika Jumapili ya matangazo, usinitafute tena."

Jumapili ya matangazo ya ndoa kanisa lilijaa. Hilari alifika mapema, lakini kila benchi la wanaume alilokaribia lilijifanya limejaa, akaishia kusimama ukutani, kofia mkononi. Katekista alisoma: Hilari Yohana Mkumbo, wa Singida, na Leonida, wa Endamarariek. Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Mtu alicheka kwa uchungu. "Mwenye kujua kizuizi," katekista alisema, akasita, "amjulishe padre."

Vichwa vyote vilimgeukia Tluway, benchi la mbele. Upande wa wanawake, Leonida alishika kitambaa chake kwa mikono miwili.

Tluway aliegemea fimbo, akasimama. Ilimchukua muda. Hakumtazama padre wala katekista. Aligeuka nyuma, akamtafuta Hilari ukutani hadi akamwona, kisha akaketi tena, safari hii pembeni zaidi, akiuvuta mguu wake mgumu kwa mkono ili kupata nafasi ya mtu mmoja.

Hilari alitembea katikati ya kanisa zima, akaketi pale.