Namba Kumi na Saba

Kila asubuhi nilikata majani ya ng'ombe, nikafagia uwanja, ndipo nikanywa chai. Wiki ile kazi hizo hazikunisumbua. Kilichonichosha ni namba kumi na saba.

"Ya kumi na saba!" Baba alifoka hata kabla ya kukaa. "Shule za serikali ishirini na nne tarafa nzima, na yetu ya kumi na saba! Hivi Esta, walimu wenu wanaota jua tu?"

Baba yangu, Mzee Sifael, anapenda kulinganisha vitu mpaka anakera. Alikuwa amenituma ofisi ya kata ninakili matokeo ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Jumapili akaisoma karatasi yangu nje ya kanisa, tena kwa sauti.

"Jumamosi tunaitwa msaragambo, tubebe mawe ya darasa jipya," aliwaambia wazazi. "Mimi siendi. Nibebee mawe shule gani?"

Kwetu Upareni msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, na nyumba isiyotoa mtu hutazamwa vibaya. Lakini siku hiyo wengi walimuunga mkono Baba.

Alhamisi nilipita tena pale ofisini. Nikatazama ubao wa matangazo, nikagundua kuwa nilikuwa nimenakili vibaya. Nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa Baba.

Jumamosi pembe ya msaragambo ililia, wakaja watu tisa tu. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Honorata, alisimama kando ya msingi, mikono kiunoni.

"Watoto tisini chumba kimoja, mvua ziko njiani, na wazazi wamegoma!" alisema. "Huo uongo wa kumi na saba umetoka wapi?"

"Shikamoo, mwalimu," nilisema. "Umetoka kwangu."

Nikamweleza yote. Ubaoni kulikuwa na karatasi mbili: moja ya shule kumi na tatu zenye watahiniwa wachache, nyingine ya shule kumi na moja zenye watahiniwa wengi. Wenzangu walikuwa wakiningoja tucheze mpira wa pete, basi nikaziandika zote mfululizo, moja mpaka ishirini na nne. Vichwa vya karatasi hizo sikuvisoma.

"Sisi ni wa nne, mtoto wewe! Wa nne kati ya kumi na moja!" Mwalimu alishika kichwa. "Nenda ukamwambie baba yako. Sasa hivi."

Nilimkuta akipalilia tangawizi. Alinisikiliza, kisha akatupa jembe chini.

"Esta! Nimewatukana walimu mbele ya kanisa zima!"

Hakunichapa. Alinishika mkono, tukapita nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni nikasema kosa langu mwenyewe. Niliona aibu sana. Kufikia saa sita watu walikuwa wamejaa shuleni, na mawe yakawa yanapanda kilima.

"Kunakili vibaya ni kosa la dakika moja, Esta," Mwalimu Honorata aliniambia mbele ya Baba. "Lakini ulilijua tangu Alhamisi, ukanyamaza, na darasa likakosa kujengwa asubuhi nzima. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Na sisi wakubwa tuulize kabla ya kutangaza."

"Nisamehe, mwalimu," Baba alisema, akajifuta jasho. "Lakini wa nne? Mbona si wa kwanza?"

Mwalimu Honorata alimnyooshea kidole kwenye mawe.

"Beba jiwe, Mzee Sifael."