Mwiba wa Khitma

Kila asubuhi, akitoka chuoni kusoma Kurani, Swafiya alirudi nyumbani kwao Mkomani akafagia ua, kisha akamsuka nywele mdogo wake Khairiya. Chumba kimoja tu hakukifagia. Kilikuwa nyuma kabisa ya nyumba, kidogo, cha giza, na kiliitwa nyumba kati. Humo ndimo walimooshwa maiti wa jamaa. Wa mwisho kuoshwa alikuwa mama yao mdogo, Ummu.

Swafiya akipita mlangoni pale aliharakisha. Mara nyingine alidhani anasikia maji yakimwagika taratibu ndani, ingawa mtungi ulikuwa mkavu.

Siku ya khitma ya Ummu, kisomo cha arubaini cha kumwombea, wanawake walikaanga samaki tangu alfajiri. Bibi Mwanamkisi aliwaonya watoto: "Chakula cha khitma hakionjwi mpaka dua iombwe. Mmesikia?"

Lakini Khairiya alilia njaa, na Swafiya akamhurumia. Akamega kipande cha samaki aina ya tasi, akamshika mkono. Nyumba nzima ilijaa wageni, isipokuwa nyumba kati. Wakaingia humo.

"Dada, ana miiba," Khairiya alisema.

"Meza tu! Bibi anakuja!"

Khairiya akameza, macho yakamtoka machozi.

Kesho yake alishika sikio la kulia. "Kuna mtu sikioni," alisema. "Ananichoma."

Uso wa Bibi ulibadilika. "Mliingia nyumba kati nyinyi?"

Khairiya akamtazama dada yake. Swafiya, aliyesimama nyuma ya Bibi, akatikisa kichwa.

"Hatukuingia," mtoto akanong'ona.

Bibi akamtia mafuta ya uto yenye uvuguvugu sikioni, akamsomea. Haikusaidia kitu. Khairiya alikataa uji, akakataa hata maji; mate yalimchuruzika kidevuni na homa ikapanda. Swafiya alikaa kando yake akisikia tena yale maji, taratibu, taratibu. Mama mdogo anadai samaki wake, aliwaza. Nikisema tuliingia, atanijia na mimi. Akafumba mdomo.

"Mama, mtoto hamezi," Bi Saadiya, mama yao, alimwambia Bibi huku akilia.

"Basi na kimio kimeshuka. Kikatwe. Mwite Bwana Wazir."

Bwana Wazir alikuwa kinyozi, na ndiye aliyekuwa akiwakata watoto kimio, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa. Alifika, akaketi uani, akaanza kunoa kisu chake.

Mjomba Jaafar, kaka yao Saadiya na marehemu Ummu, alikuwa amekuja kwa khitma kutoka Unguja, ambako alikuwa mganga hospitalini. "Mama, ngojeni kidogo," alisema. "Kimio cha watu kimekosa nini? Niacheni nimtazame kwanza."

Alichungulia sikio. "Sikio ni safi, halina kitu."

"Basi ni yeye," Bibi akasema kwa sauti ya chini. "Ni Ummu wangu. Hajatulia."

Kisu kilisikika juu ya jiwe: shwe, shwe.

"Alikula nini kabla ya kuumwa?" Mjomba aliuliza.

Swafiya alitazama kisu, akamtazama mdogo wake. "Samaki," alisema. "Samaki wa khitma. Mimi nilimpa. Nyumba kati. Nikamwambia ameze na miiba."

Bwana Wazir akaacha kunoa.

Mjomba hakugomba. Alimpakata Khairiya mahali penye jua, akamwambia Swafiya ashike kioo na kuelekeza mwanga kinywani. Akaukandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Khairiya akataka kutapika. Pembeni mwa koo, upande wa kulia, palikuwa pamevimba, na katikati ya uvimbe kulichomoza ncha nyeupe. Mjomba akaingiza kibano, akavuta. Mwiba ukatoka na usaha kidogo.

"Alhamdulillahi!" Bwana Wazir alisema. "Umeniokoa, binti. Ningekata kimio, na mwiba ungebaki pale pale ukinicheka."

"Lakini alikuwa akilia sikio," Bibi alisema.

"Mama, gusa hapa, nyuma ya taya. Ndani huko kuna mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi, unaopeleka habari kwenye ubongo. Tawi moja hutoka kooni na nyuma ya ulimi, tawi jingine hutoka sikioni. Habari zikipita uzi mmoja, ubongo hukosea mlango. Mshipa wa taya nao una tawi la sikio, ndiyo maana hata jino bovu la chini huweza kumliza mtu sikio."

"Kwa hiyo hakuna mtu sikioni?" Khairiya aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Hakuna, mama. Ni koo lako likiomba msaada."

Alimsukutua kwa maji ya chumvi, akampa maji ya kunywa. Safari hii yalishuka.

Swafiya alijificha nyuma ya mlango. Mama yake akamfuata, akamvuta kifuani.

"Mama mdogo amenikasirikia?"

"Ummu aliwapenda nyinyi. Asingewanyima kipande cha samaki." Bi Saadiya akamwinua kidevu. "Lakini sikiliza, mwanangu. Uliponyamaza, mdogo wako alikaribia kukatwa bure, na ndugu yangu akasingiziwa kaburini, hawezi hata kujitetea. Bibi yako amelia akidhani mwanawe hana raha. Kosa la samaki lilikuwa dogo sana. Ukikosea tena, na utakosea, njoo useme siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Mimi nitakushika mkono."

Swafiya alifuta machozi, akaenda kwa Bibi kumwomba radhi.