Anayeota Moto kwenye Modemu

Modemu kupata moto si habari. Fundi yeyote wa mjini atakwambia hivyo. Lakini kupata moto asubuhi ya Julai, hapa Sumbawanga, upepo umepenya hadi kwenye mifupa, maji ya ndoo yanauma vidole, na kifaa chenyewe kimechomolewa kwenye umeme? Hapo, ndugu yangu, kaa chini usikilize. Wala usianze kucheka. Najua watu wa mikoa mingine, wakisikia Sumbawanga tu wanaleta utani wa wachawi, ungo na radi. Utani huo uwaachie wenyewe. Hii ni habari ya mama na mwanawe.

Mama huyo ni Silvana, mjane, nyumba yake iko juu kidogo ya parokia. Mwanawe wa pekee, Loth, alikuwa akifuata samaki Kipili, kando ya ziwa, na kuwaleta mjini. Mvua za masika zilipokuwa zinaishia, boti aliyopanda kwenda Wampembe ilipigwa na upepo ikapinduka. Wenzake wakaopolewa, wazima na wafu. Loth hakuonekana. Ziwa Tanganyika lina kina, likikataa kutoa, halitoi. Misa ikasomwa, watu wakalia, wakala, wakarudi makwao, na kaburi halikuchimbwa. Alimwacha mkewe, Bertha, na kichanga chao, Monika.

Modemu aliinunua Loth mwenyewe kwa ajili ya kazi ya Bertha, ya kuwafundisha wageni Kiswahili kwa kompyuta. Ikawekwa sebuleni kwa Silvana, walikoishi wote, juu ya kabati. Naye Silvana, kama mama yeyote mwenye heshima zake, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Nyumba ile kila kitu kilivalishwa: makochi, redio, hata jagi la maji. Sasa modemu ni nani mpaka iachwe uchi?

Basi mtandao ukaanza kukata. Bertha yuko katikati ya somo, mgeni anahangaika kutamka "ng'ombe", mara picha inaganda, taa inakuwa nyekundu. Na kila ilipokata, sebule ilinuka maji ya ziwa na samaki wabichi, wale migebuka aliokuwa akiwaleta Loth. Halafu Monika, aliyelala chumbani, akawa wa baridi. Si mikono tu. Tumbo, kisogo, hadi ulimi. Hospitali wakampima: malaria hana, homa hana. "Mfunikeni vizuri," wakaambiwa. Mtoto akaendelea kukonda, na kilio chake kikawa kidogo kama cha paka wa siku mbili.

Bertha akaanza na lile aliloweza kulielewa. Akamwita Modesti, fundi wa mitandao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Modesti akainua kitambaa, akacheka. "Aisee! Mama, umeivalisha kama bibi harusi! Hivi vitundu ndiyo pua zake. Ukiviziba inapata moto, ikizidiwa inakata."

"Na vumbi je?"

"Vumbi utafuta. Kitambaa hapana."

Akachomoa waya wa umeme, akasubiri ipoe. Akapewa chai, akapiga soga, akamaliza kikombe. Alipoigusa tena, akauondoa mkono haraka. Umeme hakuna, na plastiki inaunguza! Akachukua bisibisi akaifungua. Ndani, mahali pasipotakiwa hata tone, maji yalikuwa yametuama, safi kabisa, na juu yake linaelea gamba la samaki. Utani ukamwisha. Mlangoni akamnong'oneza Bertha, "Dada, hii si kazi yangu. Itupeni." Bisibisi yake aliiacha pale pale, hakuirudia.

Bertha alitaka kuitupa. Silvana akasimama mbele ya kabati, mikono ameitanua. "Ni kumbukumbu ya mwanangu. Usiiguse."

Jioni moja, jua halijazama, Bertha alitoka kuanua nguo. Aliporudi alimkuta mkwewe amepiga magoti, ameifunika modemu kwa kitambaa, na kitenge, na juu yake sweta la marehemu, anaongea taratibu kama anayembembeleza mgonjwa.

"Ota moto, mwanangu. Ota."

"Mama! Unaongea na nani?"

"Shsh, utamshtua." Silvana hakugeuka. "Loth amerudi. Ametoka majini, amelowa, na huku kwetu baridi yake unaijua. Kajoto kadogo alikokapata ni haka. Nimnyime?"

"Mama, mwanangu anakufa!"

Silvana akautazama mlango wa chumbani, kisha akainamisha kichwa. Kumbe alijua joto lile linatoka kwa nani. Alikuwa amekwisha jua, akawa anajidanganya, na hilo lilimuuma Bertha kuliko yote.

Asubuhi Monika hakulia kabisa. Midomo ilikuwa ya kijivu. Padri alikuwa safarini Mwazye, hivyo Bertha akamkimbilia Minza, mganga wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe pembezoni mwa mji. Minza aliingia, akavuta pumzi, wala hakukaa. Akamgeukia Silvana.

"Mama mwenzangu, mwili wa mwanao uliuona?"

"Sikuuona."

"Basi hujui nani kaja. Jini la ziwani huvaa harufu ya aliyekufa maji, likatafuta nyumba yenye kilio. Joto hilo linatoka kwa mtoto. Na mimi siwezi kulitoa, wewe ndiye uliyelikaribisha. Mwambie humjui. Atakutukana, usijali. Jini likikataliwa hutukana sana."

"Na kama ni yeye?"

Minza akafungua kifurushi chake cha dawa. "Mjukuu wako atapona. Zaidi ya hapo sijui."

Silvana akaondoa sweta, akaondoa kitenge, akaondoa kitambaa, na mchana ule ule, jua likiwa nje, sebule ikaingia giza, harufu ya ziwa ikapanda hadi Bertha akahisi maji kooni, matone yakaanza kudondoka kutoka kabatini, moja baada ya jingine, yakafanya njia sakafuni kuelekea miguuni pa Silvana, na kwenye spika ya kompyuta, isiyo na mtandao wala chaji, pakatoka sauti ya mtu anayetetemeka meno.

"Mama. Baridi."

Silvana akashika mdomo. Bertha, mtoto kifuani, alitaka kuita jina la mumewe, Minza akamziba kinywa.

"Sikujui," Silvana akasema.

"Mama, ni mimi. Nilikuita kule majini. Nilikuita sana."

Uwiii, mama yule! Hakuna mzazi anayestahili kuambiwa hivyo. Akamtazama Monika, akatazama ile midomo ya kijivu, akajikaza.

"Sikujui. Sikukuzaa. Toka nyumbani kwangu!"

Wakasubiri matusi. Minza alikuwa ameshainua mkono wenye dawa, tayari. Sauti ikajibu polepole, bila hasira, kama mtoto anayetumwa dukani huku mchezo umekolea.

"Sawa, mama."

Mlango ukafunguka wenyewe. Kitu kikapita karibu sana na Silvana, mkono wa gauni lake ukalowa. Papo hapo Monika akatoa kilio kikubwa, cha njaa, cha mtoto mzima, na Bertha alipomshika shavu lilikuwa la moto.

"Hakutukana," Silvana akasema. "Minza, ulisema atatukana. Mbona hakutukana?"

Minza alikuwa anakusanya dawa zake, hakuinua uso.

Silvana akatoka nje bila viatu. Walimsikia akishuka mtaani katika upepo, akiita, "Loth! Loth, baba, rudi! Nilikuwa nasema tu!" Bertha akasimama mlangoni na mtoto kifuani. Alitaka kumwita mkwewe arudi ndani, ila aliogopa angerudi na nani.