Swali la Mateus

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Agostinho alifagia uwanja wa nyumba yao pale mtaa wa Rahaleo, akamchotea mama yake maji bombani, kisha akaingia chooni na kopo. Hakutoka mpaka amemwaga maji yote na kuhakikisha sakafu haina doa. Mama yake, Albertina, alinung'unika kwamba maji ya kupangia foleni hayamwagwi hivyo. Agostinho akachukua daftari zake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa nahodha wa Tai, timu ya mpira ya mtaani kwao, na mkojo wake ulikuwa na damu.

Hakuogopa. Selemani na wenzake, wavulana wakubwa wa mtaa, walikuwa wamewaambia wadogo kwamba mvulana akishatoka jandoni mkojo hubadilika rangi, na hiyo ndiyo alama ya kuwa mwanamume. Wazee wa jandoni hawakuwahi kusema neno kama hilo. Lakini wadogo walikatazwa pia wasilitaje mbele ya mama zao, na jambo ulilokatazwa kulitaja utamuuliza nani kama ni kweli?

Mwaka huo wa 1971, Tai walifungwa mfululizo. Kipindi cha kwanza walicheza mpira wa kupendeza. Kipindi cha pili miguu yao ilikuwa mizito kana kwamba wamefungwa mawe. Watoto wa Mtawanya, wapinzani wao wa jirani, wakawatungia wimbo: "Tai wa asubuhi, kuku wa jioni."

Kocha wao wa kwanza alikuwa Mwalimu Issa wa darasa la sita. Walimwondoa, wakasema ni mpole mno. Wakamchukua Mohsinali, kijana wa duka la vitambaa, kwa sababu alikuwa na mpira wa ngozi. Walipofungwa mara mbili wakamwondoa naye, akaondoka na mpira wake.

Wa tatu alikuwa Mateus, mpakiaji wa korosho bandarini. Alikuwa amevuka mto Ruvuma kukimbia vita vya kwao, na ujanani alicheza mpira sana. Alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka kazini, shati limejaa vumbi la magunia. Hakupiga kelele. Aliwatazama mechi nzima, akaona kwamba ufundi wanao, ila kuna kitu kinawamaliza. Jioni ile akawakusanya, akauliza kama kuna anayeumwa. Wote wakatazama chini. Ndipo akamgeukia nahodha, akamwuliza tena kwa Kimakonde, taratibu, kama mzazi anavyomwuliza mtoto wake.

"Agostinho, mwanangu, mnaumwa?"

"Hatuumwi, Mwalimu."

Mateus akaamini. Kama hawaumwi, basi hawana pumzi, na dawa ya pumzi ni mbio. Tangu siku hiyo akawakimbiza kila jioni mpaka bwawa lililo njia ya Mtawanya, na kurudi. Wakifika bwawani, wanatokwa jasho, walijitosa na kuoga, kama walivyozoea tangu utoto wao.

Walipokutana na Mtawanya walikuwa mbele kwa magoli mawili hadi mapumziko. Mwisho wakafungwa matano. Wimbo wa kuku ukaimbwa uwanja mzima, mpaka mlinda mlango wao akalia.

Palepale wakafanya kikao, Mateus akiwa amesimama kando. Mmoja alisema mbio zinawaua. Mwingine akasema kocha hajui kitu. Selemani, ambaye hata mchezaji hakuwa, alisimama nyuma yao, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mtu aliyekimbia kwao atawafundisha nini zaidi ya kukimbia?"

Wakacheka. Mmoja wa wachezaji akasema anayetaka kocha aondoke anyooshe mkono. Mikono ikapanda mmoja baada ya mwingine. Agostinho alijua kuwa kuna swali alilolijibu vibaya, ila hakujua bado ubaya wake una ukubwa gani. Alitazama wenzake, kisha naye akanyoosha. Mateus hakuangalia mikono mingine, aliuangalia ule tu. Akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya majani, akaenda zake.

Wiki moja baadaye, Agostinho alianguka mstarini shuleni, akapelekwa zahanati. Nesi Sabina alimpa kichupa cha kutilia mkojo. Agostinho akagoma, akagoma tena, mwishowe akakirudisha huku ameuficha uso. Nesi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akamwuliza ameona damu hiyo tangu lini. Tangu mwaka jana, akasema, ni alama ya ukubwa.

"Nani kakudanganya?" Nesi aliuliza. "Hiki ni kichocho. Mtu mwenye ugonjwa huu akikojoa bwawani, vijidudu vinaingia kwa konokono, vikitoka humo vinapenya ngozi ya anayeoga. Vinakunywa damu yako, halafu unashangaa huna nguvu."

Akaitwa kila mchezaji wa Tai. Kati ya kumi na wanne, kumi na mmoja walikutwa na kichocho. Na Selemani, alipopimwa, naye alikuwa nacho. Wakapewa dawa, wakaonywa wasilikanyage tena lile bwawa.

Alipopata nafuu, Agostinho aliichukua ile filimbi, aliyokuwa ameiokota majanini na kuihifadhi, akaenda kusubiri kwenye lango la bandari saa ya mapumziko. Mateus alitoka na wenzake, akaketi kwenye kivuli cha lori, akafungua muhogo wake wa kuchemsha. Agostinho alimweleza yote bila kuruka neno. Mateus alitafuna polepole mpaka maneno yakaisha.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema. "Mara ya pili kwa lugha ya mama yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ungesema, ningewapeleka zahanati siku ileile. Badala yake nimewakimbiza wagonjwa, tena hadi kwenye maji yaliyokuwa yanawaumiza. Mzigo huo ninao mimi, na aliyenitwisha ni wewe."

"Nisamehe, Mwalimu. Rudi. Tumepona."

"Mmepona nyinyi."

Agostinho akamnyooshea filimbi. Mateus hakuipokea.

"Mpelekee Mwalimu Issa," akasema. "Nimekusamehe, lakini sirudi mahali nilipochekwa. Na sikia, mwanangu. Mtabadilisha makocha mpaka mji uishe. Kocha hawezi kutengeneza kitu alichofichwa, na mganga hivyohivyo, na mzazi hivyohivyo. Ukiulizwa na anayekutakia mema, sema ukweli, hata kama unaona haya. Haya itapita. Uongo wako umewaangusha wenzako wote, na mimi pia."

King'ora kikalia. Mateus akakunja kitambaa chake cha muhogo, akaingia ndani.

Mwalimu Issa alikubali kurudi, bila kuwakumbusha waliyomtendea. Tai wakaanza upya, taratibu, na baada ya mazoezi waliogea nyumbani. Siku ya marudiano na Mtawanya, Mwalimu aliwapanga mstari, akauliza kama kuna anayeumwa.

Agostinho alikuwa ameisubiri mechi hiyo miezi minne. Alitazama upande wa uwanja alikozoea kusimama Mateus. Hapakuwa na mtu. Akanyoosha mkono, uleule.

"Mguu wangu, Mwalimu. Niliteguka jana."

Mwalimu Issa akaupapasa, akatikisa kichwa.

"Umefanya vizuri kusema. Leo utakaa nje."

Akakaa nje. Wenzake walicheza bila yeye, wakatoka sare, goli moja kwa moja, na walikuwa bado wanakimbia filimbi ya mwisho ilipolia.